Ustahimilivu wa tabianchi pwani, na kinachopimwa kwenye mashindano ya ubunifu ya wanafunzi

Ustahimilivu wa tabianchi ni uwezo wa watu, pamoja na ardhi na maji wanayoyategemea, kupigwa na dhoruba, mafuriko, ukame au joto la bahari bila maisha yao kusambaratika, kisha kuinuka mapema na kujipanga upya ili pigo lijalo lisiwakute palepale. Humo mna mambo matatu: kuhimili, kurudi kwenye hali, na kubadilika. Wengi wetu huishia kwenye lile la kwanza, ndiyo maana ukitaja ustahimilivu wa pwani mtu anaona ukuta wa zege.

Mashindano ya ubunifu ya wanafunzi ni njia mojawapo ya kuifundisha dhana hii, na mimi naona inashinda semina. Chuo, shirika au mfadhili hutoa swali: kijiji fulani cha pwani, bajeti kiasi fulani, miezi kadhaa ya kazi. Timu huchanganya fani: usanifu majengo, uhandisi, mipango miji, sayansi za bahari. Mwisho wa muda wanabandika michoro, wanaweka modeli mezani, wanataja gharama, na jopo la majaji linawabana kwa maswali. Hapo ndipo maneno makubwa yanapokwama, kwa kuwa hakuna awezaye kuchora ustahimilivu wenyewe. Utachora kisima, choo, paa, diko la wavuvi, au njia ya kukimbilia maji yakipanda. Mwaka 2018 Benki ya Dunia na washirika wake waliendesha shindano la nyumba stahimilivu lililokuwa wazi kwa wanafunzi na wataalamu pia, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba nyumba isizidi dola 10,000 za Marekani. Sharti kama hilo peke yake linaondoa nusu ya upuuzi mezani.

Kabla hata mstari haujachorwa, timu inapaswa kutenganisha vitu vitatu ambavyo kwenye mazungumzo ya kawaida tunavichanganya. Kuna tishio lenyewe, kwa mfano kimbunga. Kuna watu na mali vilivyo njiani mwake. Halafu kuna udhaifu wa hao walio njiani. Kimbunga Hidaya kilipofika kisiwa cha Mafia mapema Mei 2024, upepo haukuchagua mtu. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari, na boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Aliyepata taarifa mapema, mwenye watu wa kumsaidia kuivuta ngalawa juu na ndugu wa bara wa kumpokea, si sawa na aliyesikia upepo ndipo akajua. Hakuna mchoro utakaoondoa kimbunga. Unachoweza kupunguza ni idadi ya walio njiani, au udhaifu wao, na huu wa mwisho mara nyingi ndio wa bei nafuu. Bahati mbaya hauna picha ya kuvutia. Utaratibu wa kutangaza tahadhari kwa spika za msikiti hauwezi kushindana kwenye bango na jengo linaloelea, ingawa huo utaratibu unaweza kuanza kesho.

Vimbunga vyenyewe kwetu ni nadra; kile cha Lindi cha 1952 kilibaki kuwa mfano wa kutajwa kwa miongo mingi. Kinachoitafuna pwani kila siku ni mambo ya polepole. Wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi imeongezeka hadi kama milimita 3.7 kwa mwaka katika kipindi cha 2006 hadi 2018. Kwa mtu wa Unguja, anayeona maji ya bamvua, yale makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakipanda na kushuka karibu mita 4 kwa siku moja, sentimita 20 zinachekesha. Sasa piga hesabu. Ufuko wenye mteremko mdogo, unaopanda mita moja kwa kila mita 50 za kutembea, ukipandishiwa maji sentimita 20, maji yanaingia ndani mita 10. Na yanayoingia kwanza ni yale ya bamvua kubwa, siku chache kwa mwaka, lakini siku hizo zinatosha kuua minazi ya mbele na kutia chumvi kwenye kisima.

Kisima nacho kina fizikia yake. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo chini ya ardhi ya pwani yanaelea juu yake. Kanuni ya wataalamu ni kwamba kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Kinyume chake ndicho kinachotisha: ukivuta kwa pampu hadi kiwango kishuke mita moja, chumvi inapata nafasi ya kupanda mita nyingi. Basi timu inayopendekeza kuchimba kisima kirefu zaidi kwa kijiji ambacho maji yake yameanza kuwa na chumvi inaweza kuwa inaharakisha tatizo. Bati safi, mifereji na tangi la mvua vinafaa zaidi hapo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mwani wa Unguja, kwa sababu unaonyesha jinsi jibu sahihi linavyoweza kuwa nusu jibu. Kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Maji yakitoka wanatembea hadi shambani, wanakita vijiti mchangani, wanavuta kamba kati ya kijiti na kijiti, na kwenye kamba wanafunga vipande vya mbegu kimoja kimoja. Baada ya wiki kama sita wanavuna. Kazi yote inaendeshwa na kupwa na kujaa. Aina ya kotonii ndiyo yenye bei, lakini haipendi joto. Maji ya kina kifupi yanapochemka na jua, matawi yanageuka meupe, yanalainika na kukatika. Wengi wakabaki na spinosamu, inayovumilia zaidi na kulipa kidogo.

Watafiti, akiwemo Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, walihimiza njia ya kuupeleka mwani kwenye maji ya kina kirefu yaliyo baridi, mbegu zikiwa ndani ya nyavu zenye umbo la mrija ili mawimbi yasizing'oe. Kibaiolojia, jibu limepatikana. Lakini shamba limehama kutoka mahali pa kutembea kwa miguu kwenda mahali pa mashua, na wakulima wengi hawakufundishwa kuogelea. Ukiishia hapo umeunusuru mwani na umempoteza mwenye mwani, kwa maana kazi itahamia kwa wenye vyombo, yaani wanaume. Timu inayostahili alama ni ile itakayoweka kwenye mchoro mashua ya ushirika, mafunzo ya kuogelea, jaketi za kuokolea, na saa za kazi zinazomwezesha mama kurudi nyumbani kwa wakati wake. Majaji wanaodhani hayo ni ya ustawi wa jamii wala si ubunifu hawajaielewa dhana wanayoipima.

Ukuta hauna dhambi ya kuzaliwa nayo. Ule wa kando ya Barabara ya Barack Obama, Dar es Salaam, uliokamilika 2018, una hoja yake: barabara kuu na Hospitali ya Ocean Road haviwezi kuhamishwa kama kibanda cha samaki. Tatizo ni kuubeba ukuta huohuo na kuuweka kila mahali. Wimbi linalogonga ukuta wima halifi; linarudi na nguvu yake, linachimba mchanga wa chini, na pale ukuta unapoishia ndipo mmomonyoko unapohamia. Jirani anaamka ufuko wake umekwisha. Halafu wavuvi wanauliza swali ambalo wanafunzi wa mjini hawakulifikiria: ngalawa tutaipandishia wapi? Na zege la pwani likichanganywa mchanga wa baharini usiooshwa, chumvi inashika nondo, kutu inavimba, zege linapasuka kutoka ndani. Miaka michache tu, na kijiji hakina fedha za fundi.

Upande wa pili kuna imani kwamba mimea ndiyo dawa ya kila kitu. Kweli, kuiondoa kunaumiza: Kisiwa cha Maziwe, jirani na Pangani, kilikuwa na miti na kasa wakitaga, leo ni tuta la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Gazi, huko Kwale nchini Kenya, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za mikoko tangu 2013, wanauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo, na mapato yanakwenda kwenye maji na shule. Lakini kupanda mikoko si kuchomeka miche kwenye tope lolote lililo wazi. Kila aina ina mstari wake. Mlilana hukaa mbele baharini, mchu unaweza kukaa hata nyuma kabisa kwenye chumvi kali, na mche wa mkoko uliochomekwa mahali panapofunikwa na maji saa nyingi kupita kiasi hufa hata wapandaji wawe elfu moja wenye fulana za mradi. Kwenye bango la shindano, doa la kijani lililopakwa pwani nzima ni dalili kwamba timu haijafika saiti maji yakiwa yametoka.

Kufika saiti kuna namna yake. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam mitaani pamoja na wakazi wenyewe, wakichora mifereji, njia na majengo ya maeneo yanayofurika. Mkazi anakuonyesha kwa kidole maji yalipofika ukutani. Alama hiyo ni data, na hakuna setelaiti itakayokupa. Pwani, wa kuulizwa ni mvuvi anayejua tofauti ya misimu ya pepo za kusi na kaskazi kwenye ufuko wake: mchanga unaoondoka msimu mmoja huweza kurudi msimu mwingine, na anayepima mara moja tu ataita mmomonyoko kitu ambacho ni kawaida ya mwaka.

Swali ambalo ningelipa alama nyingi kuliko mengine ni la matengenezo. Kitu hiki kikivunjika Jumanne usiku, nani anakitengeneza, kwa vifaa vya duka gani, na fedha ya nani? Boriti, makuti, chokaa na mawe fundi wa kijiji anavijua, ingawa boriti zenyewe ni mikoko iliyokatwa, na hapo timu inabidi ichague na ieleze kwa nini. Kifaa chenye vihisi kutoka ng'ambo kinaweza kuwa kizuri sana hadi betri inapokufa.

Kuhusu mshindi kujengewa alichobuni, matarajio yawe madogo. Baada ya kimbunga Sandy cha 2012, serikali ya Marekani iliendesha shindano la Rebuild by Design kwa timu za wataalamu waliobobea. Moja ya michoro iliyoshinda mwaka 2014 ilikuwa ya matuta ya mawe ndani ya maji, kusini mwa Staten Island, New York, ya kupunguza nguvu ya mawimbi na kuwapa chaza na samaki makazi. Ujenzi ulianza 2021 na kukamilika 2024. Miaka kumi, kwa watu wenye mamilioni ya dola na wanasheria. Huku kwetu pia, kitu chochote cha kujengwa baharini kinahitaji tathmini ya athari kwa mazingira na vibali, mambo yasiyoisha ndani ya muhula mmoja. Ndiyo maana napendelea mashindano yanayotenga sehemu ya zawadi kwa ajili ya sampuli ndogo, tangi moja au kamba chache za mwani, na kuwarudisha washindi kijijini baada ya masika na baada ya kusi kuandika kilichobaki na kilichokwenda na maji.