RPG kwenye IBM i: lawama za kweli na za kusingiziwa

RPG, lugha ya kuandikia programu, ilizaliwa 1959 kwa ajili ya kompyuta ya IBM 1401, kazi yake ikiwa kutoa ripoti kutoka kwenye kadi za matundu. Hadi leo inaendesha hesabu za benki, maghala na viwanda kwenye IBM i, mfumo endeshi wa mashine ambazo wengi hawajaacha kuziita AS/400. Lawama nyingi inazotupiwa zinaihusu RPG III ya 1978, wakati RPG IV imekuwepo tangu 1994. Kabla ya kubishana, fungua WRKMBRPDM, amri inayoorodhesha mafaili ya msimbo, utazame safu ya aina: "RPG" ni ile kongwe, "RPGLE" na "SQLRPGLE" ni mpya.

Dhana: jina la kigeu halizidi herufi sita, na kila neno lina safu yake ya lazima.

Ukweli: hiyo ni RPG III. RPG IV ilianza na herufi 10, na sasa inakubali hadi 4096. Safu za lazima zililegezwa kwa awamu: hesabu mwaka 2001, matamko 2013, kisha 2015 ikaja **FREE, mtindo huru kamili unaokuruhusu kuanza kuandika safu ya kwanza kabisa. Sharti ni moja: nyota hizo zikae mstari wa kwanza, safu ya kwanza. Acha nafasi moja tu mbele yake uone kompaila inavyomwaga makosa.

Dhana: amri ya CVTRPGSRC huigeuza programu kuwa ya kisasa.

Ukweli: inabadilisha mpangilio wa mistari, basi. GOTO, MOVE na viashiria 01 hadi 99 (swichi za kuwasha na kuzima) vinabaki vilevile. Faili inayopokea iwe na urefu wa 112. Ukitumia ile ya 92, maelezo ya mwisho wa mistari yanakatwa.

Kazi ngumu huanza baadaye, hasa kwenye MOVE, ambayo haimo katika mtindo huru. MOVE hujaza kutoka kulia. Ukihamisha 'ABC' kwenye fildi ya herufi tano yenye '12345', unapata '12ABC'. Anayefuta MOVE na kuandika alama ya usawa anapata 'ABC' na nafasi mbili tupu. Kompaila hailalamiki, unakuja kugundua pale namba ya akaunti inapokosekana kwenye faili.

Dhana: namba ikizidi fildi, RPG hukata tarakimu kimyakimya.

Ukweli: nusu ni kweli. Fildi ya tarakimu tano yenye 99999, ukiiongezea 1 kwa ADD ya mtindo wa zamani, inakuwa 00000 bila onyo, kwa sababu TRUNCNBR, chaguo la kompaila la kukata tarakimu, ni *YES usipoibadilisha. Ukiandika hesabu hiyohiyo kama mlinganyo, programu inasimama na kosa la hali 00103. Kwa mambo ya fedha, afadhali isimame. Na tukiwa hapohapo kwenye fedha: desimali za RPG ni desimali halisi, hadi tarakimu 63, hivyo 0.10 na 0.20 hutoa 0.30 kamili. Lugha nyingi changa zinahitaji maktaba ya ziada ili zifike hapo.

Dhana: tatizo la tarehe liliisha mwaka 2000.

Ukweli: liliahirishwa. Mwaka wa tarakimu mbili husomwa ndani ya 1940 hadi 2039. Chukua mkopo wa nyumba unaoisha 31 Desemba 2046, uliohifadhiwa kama 461231 (mwaka, mwezi, siku, yaani *YMD). %DATE(461231:*YMD) inakurudishia 1946-12-31 bila kelele, na siku zilizobaki zinakuwa hasi. Ukienda upande wa pili, yaani kuibana tarehe ya 2046 iingie kwenye *YMD, unapata hali 00114 na programu inasimama.

Dawa ni kupanua fildi iwe na tarakimu nane, au kutumia aina ya tarehe yenyewe. Lakini ukigusa fildi kwenye faili, kitambulisho cha muundo wake kinabadilika, na kila programu inayoitumia faili hiyo isipojengwa upya itagoma kwa kosa la CPF4131. Orodhesha kwanza programu husika kwa amri ya DSPPGMREF. Kuzima ukaguzi kwa LVLCHK(*NO) ili usumbufu uishe ni hatari zaidi: programu itasoma baiti za fildi moja kana kwamba ni za nyingine.

Dhana: RPG ndiyo skrini ya kijani.

Ukweli: skrini ya mistari 24 kwa safu 80 ni ya 5250, terminali za IBM, na kikomo cha rekodi 9999 kwenye orodha ni cha faili ya skrini. RPG haihusiki na vyote viwili. Inaandika SQL, lugha ya hifadhidata, ndani yake, na tangu 2018 inasoma data ya muundo wa JSON kwa DATA-INTO, japo utahitaji programu ya kuichanganua.

Kuna mapungufu ambayo hayana utetezi. Haina madaraja wala urithi, na msimbo wake hauhamii kirahisi nje ya IBM i. Lingine linasahaulika sana: vigeu vinavyotumika ndani ya BEGSR, yaani saburutini (kijisehemu cha programu), ni vya programu nzima. Saburutini mbili zikitumia kihesabio kimoja, ile ya ndani inavuruga mzunguko wa ile ya nje. Vigeu vya ndani vinapatikana kwenye taratibu ndogo zinazojitegemea (kama za DCL-PROC) pekee, na hizo hazimo kabisa katika RPG III.