Nguo za Kuazima: yanayosemwa Lubumbashi kuhusu kazi ya stilisti, na yalivyo

"Basi nikuletee kitenge changu lini?"

Hilo ndilo swali la kwanza ninaloulizwa nikisema ninasomea ustilisti, na mara nyingi anayeuliza ni mama wa heshima ambaye siwezi kumkatalia harakaharaka. Watu wa Lubumbashi, mji wetu wa shaba kusini mashariki mwa Kongo, wanawajua mafundi. Shule zetu za sekondari zina mchepuo wa ushonaji, wanafunzi wake wanafanya mtihani wa serikali kama wenzao wote, na ukipita mitaa ya Katuba au Kamalondo utasikia cherehani barazani kabla hujamwona mwenye nyumba. Stilisti wa picha hashoni, au tuseme si lazima ashone. Anachukua nguo zilizoshonwa na wengine, anazikutanisha kwenye mwili mmoja, anaamua ni kiatu gani, hereni gani, shati lichomekwe au liachwe nje, kisha anasimama nyuma ya mpiga picha akiitazama kola. Kazi yake kubwa ni editoriali: kurasa kadhaa za picha zinazosimulia kisa kimoja kwa nguo. Sindano na uzi ninavyo mkobani, lakini ni vya ajali, kifungo kikidondoka. Kwa hiyo, mama, kitenge mpelekee fundi. Mimi niite siku ya picha.

"Bila nguo za bei kali huwezi kupiga editoriali"

Dhana hii ndiyo inayowakatisha tamaa wengi tunaosoma nao, na inatokana na kuyatazama majarida bila kujua nguo zimefikaje pale. Hata Paris na London, nguo zilizo kwenye kurasa kwa kawaida si za stilisti wala si za jarida. Zimeazimwa. Nyumba ya mitindo ina sampuli zake: leo gauni liko kwenye picha hii, kesho linasafirishwa kwenda kwenye nyingine, keshokutwa linarudi. Stilisti anaandika barua ya kuomba, akitaja jarida, mpiga picha, siku ya kuchukua na siku ya kurudisha. Mwanafunzi asiye na jarida nyuma yake hana barua yenye uzito, ndiyo maana anatafuta mlango mwingine.

Kwetu mlango huo ni friperi, yaani nguo za mitumba. Nenda soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, asubuhi marobota yanapofunguliwa. Utakuta koti la sufu lenye mabega mapana ambalo hakuna duka la mjini linaliuza, na utalipata kwa bei ya chakula cha mchana ukijua kuongea. Anayeona aibu kwa hilo amtazame stilisti Ibrahim Kamara, mzaliwa wa Sierra Leone aliyesoma chuo cha sanaa na mitindo cha Central Saint Martins, London. Mwaka 2016 picha alizozifanya Johannesburg pamoja na mpiga picha Kristin-Lee Moolman, kwa nguo za mitumba na vitu vilivyookotwa, zilionyeshwa Somerset House, jumba la sanaa la London. Mwaka 2021 akawa mhariri mkuu wa jarida la Dazed. Na kabla yake, mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliweka pale suti, saa za mkono, kalamu, redio, hata skuta, ili mteja avae au ashike asichokuwa nacho nyumbani. Wajukuu wanazitazama picha zile leo bila kuuliza saa ilikuwa ya nani.

Kinachotakiwa zaidi ya pesa ni kuaminiwa, na kuaminiwa kuna taratibu zake. Kabla nguo haijatoka kwa mwenyewe, ninaipiga picha kwa simu mbele yake, mbele na nyuma, na kama ina doa tunalionyeshana hapohapo. Orodha inaandikwa nakala mbili. Viatu vya kuazima ninavibandika utepe wa gundi chini ya soli, visipate mikwaruzo. Mwanamitindo akiwa amekwisha kupakwa vipodozi, anafunikwa uso kwa kitambaa chepesi kabla gauni halijapita kichwani. Nguo ya poliesta haiguswi na pasi ya mkaa hata kama umeme umekatika na kila mtu anasubiri. Inaning'inizwa bafuni juu ya ndoo ya maji ya moto, mvuke uifanyie kazi. Njia hiyo usiitegemee kwa kitani.

Kuna siri moja ambayo ukishaijua huwezi tena kulitazama jarida kama zamani. Gauni unaloliona limemkaa mwanamitindo sawasawa mara nyingi limebanwa mgongoni kwa vibanio, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Kamera haioni mgongo. Saizi ya nguo ya kuazima ni ile uliyoipata, si ile uliyoitaka, na vibanio vya dola moja vinamaliza ugomvi. Ndiyo sababu nyingine ya kutowaamini watu wanaosema kwamba mwanamitindo fulani "ana umbo la nguo".

"Picha ya Kiafrika ni kitenge"

Sina ugomvi na kitenge. Mama zetu wamevipa vitambaa hivyo maana ambayo waliovichora hawakuiwaza. Lakini teknolojia ya wax, yaani ya kuchapa vitenge kwa nta, ilikuja kwetu kupitia viwanda vya Uholanzi vilivyoiga batiki ya Java. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, Uholanzi, ipo tangu 1846. Ukitaka kuionyesha Lubumbashi, sare ya shule, yaani shati jeupe na buluu nzito, inaongea zaidi. Vivyo hivyo ovaroli ya buluu ya mfanyakazi wa mgodi. Au abakosi: koti lisilo na tai ambalo Mobutu aliliweka mahali pa suti ya kizungu, hadi hotuba yake ya tarehe 24 Aprili 1990 iliporuhusu tai zirudi. Kuna wazee wa mtaani ambao bado wanayo kabatini, na wanayakunja makoti hayo vizuri kuliko duka lolote. Ukimwomba mzee kwa adabu, kaa kwanza, kunywa maji aliyokupa, ndipo umweleze shida yako. Atakupa koti pamoja na historia yake, na historia hiyo ndiyo itakayokuambia picha ipigwe vipi. Na wanaonitaka kila mara niweke sapeur, yaani wale wanaume wa suti za fahari: utamaduni ule ulikulia Brazzaville na Kinshasa. Tuwaachie wenyewe.

"Jua likiwaka, picha inatoka safi"

Lubumbashi iko karibu digrii 11 na nusu kusini mwa ikweta. Maana yake, mwishoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana linasimama karibu kabisa utosini. Macho yanageuka mashimo meusi, pua inatupa kivuli mdomoni, na kofia inakula uso mzima. Mpiga picha anayekuita saa hiyo "kwa sababu kuna mwanga" mwambie uko njiani, ufike saa tisa. Asubuhi na jioni ndiyo nyakati, na jioni yetu ni fupi: mwezi wa sita jua linatua kabla ya saa kumi na mbili. Ikibidi kupiga mchana, ingieni kwenye kivuli cha ukuta au barazani, mwanga uje kwa ubavu.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalijui na wenyeji wamelizoea hadi hawalioni: udongo. Ardhi yetu nyekundu inarudisha mwanga mwekundu juu. Mvalishe mtu shati jeupe, msimamishe kwenye uwanja wa udongo saa tisa, kisha tazama chini ya kidevu na ndani ya mikono ya shati. Hakuna mrembeshaji aliyekosea pale. Tandika shuka jeupe chini, nje ya fremu, rangi itatulia.

Mwenzake wa dhana hii ni mbaya zaidi: kwamba ngozi nyeusi "haitoki" kwenye picha, kwa hiyo mwanamitindo apakwe poda ya rangi ya mwanga au asafishwe kwa filta. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kimetengenezwa kuvuta kila kitu kuelekea kijivu cha kati. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe: kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, uso unazama. Mvalishe nyeusi, jaza fremu: kamera inaongeza mwanga, ngozi inapauka na nguo nyeusi inakuwa kijivu. Dawa ni kupima mwanga kwenye shavu lake, si kwenye ukuta. Hata filamu za rangi za zamani zilikuwa na tatizo hilo tangu kiwandani: kwa miaka mingi Kodak ilitoa kwa maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Shida ilikuwa kwenye kipimo. Mimi mrembeshaji akifungua kopo la poda iliyo nyepesi kuliko shingo ya msichana, ninalifunga.

"Mwanamitindo asitikisike, nguo itakunjika"

Ikunjike. Desemba 1933 jarida la Harper's Bazaar lilichapa picha ya mpiga picha Martin Munkácsi ya msichana akikimbia ufukweni, vazi la mabegani likipepea nyuma yake, na tangu hapo picha za mitindo hazikurudi kuwa sanamu. Nguo imetengenezwa kwa mwili unaotembea.

"Bila terril si Lubumbashi"

Kila anayeanza anataka gauni refu mbele ya terril, kile kilima cheusi cha mabaki ya kuyeyusha shaba, na bomba lake la moshi. Ninaelewa, vinaonekana kutoka kila upande wa mji. Tanuri la kampuni ya migodi ya Union Minière lilianza kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911, mwaka uleule ambao mpiga picha Edward Steichen aliyapiga picha magauni ya mbunifu Paul Poiret kwa jarida la Art et Décoration, picha ambazo wengi wanazihesabu kuwa mwanzo wa upigaji picha wa mitindo wa kisasa. Lakini eneo lile lina mwenyewe, na bila kibali mtarudishwa getini, nguo za watu zikiwa kwenye gari.

Halafu kuna swali la kusema nini pale. Sammy Baloji, msanii wa picha na mtoto wa mji huu, mwaka 2006 alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodini, nyeusi na nyeupe, akaziweka juu ya picha zake za rangi za mitambo iliyokufa. Baada ya kuiona kazi ile, msichana aliyeegemea kutu kwa sababu kutu ina rangi nzuri anaonekana amepotea njia. Kama kisa chako hakihusu shaba, toka pale. Mwezi wa tisa na wa kumi jakaranda zinamwaga maua kwenye barabara za katikati ya mji, na saluni yoyote ya mtaani ina vioo, rangi na watu.

"Hiyo kazi inalipa!"

Matangazo yanalipa. Editoriali, hata kwenye majarida yenye jina, mara nyingi hailipi au inalipa kidogo. Watu wanaifanya ili waonekane na wanaotoa matangazo. Kwetu sisi wanafunzi kila mmoja anatoa kazi yake, anachukua picha. Nauli na chakula vigawanywe wazi kabla.

"Kamera ikifungwa, kazi imeisha"

Kwa mpiga picha, labda. Stilisti jioni ile anahesabu nguo kwa orodha, anatoa vipodozi kwenye kola kwa povu la kunyolea, anabandua utepe kwenye soli, anaanika makoti yatoke jasho. Kesho yake asubuhi anarudisha, mama wa friperi akitazama kila mshono. Kisha majina: fundi, msusi, mrembeshaji, aliyeazimisha, kila mmoja aandikwe kama anavyoliandika jina lake mwenyewe. Na kama picha zinatumwa kwa jarida, mengi yanataka zile ambazo hazijaonekana popote. Kwa hiyo kabla ya siku ya kupiga, wote wakubaliane kwamba hakuna atakayeziweka WhatsApp hadi jibu lije. Makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa saini, hata kama mwanamitindo ni binamu yako.