Hofu ya GMO Dukani, na Mbegu Tunayoiacha Bila Kuikagua

Kila Agosti kwenye mabanda ya Nane Nane, wataalamu wa mbegu huulizwa swali lile lile: "Hii nayo ni GMO?" Anauliza kama vinasaba vyake vimebadilishwa maabara. Muulizaji ameshika pakiti ya nyanya, ya hoho au ya tikiti, na mara nyingi ameshaamua moyoni kwamba ndiyo. Kwa mbegu za mboga zinazouzwa kihalali Tanzania, jibu ni hapana. Hakuna mbegu ya GMO iliyoruhusiwa kuuzwa kwa mkulima wa nchi hii, iwe ya bustani au ya shamba. Mahindi ya GMO yaliyopandwa Makutupora, Dodoma, kuanzia mwaka 2016 yalikuwa ya utafiti tu. Novemba 2018 Serikali iliagiza majaribio yakome na mabaki yateketezwe, na mwaka 2021 Wizara ya Kilimo ikarudia msimamo huo. Kenya imekwenda njia nyingine: iliidhinisha pamba ya Bt, yaani pamba ya GMO inayojikinga na viwavi, mwishoni mwa 2019, na Oktoba 2022 baraza la mawaziri likaondoa marufuku ya GMO iliyokuwepo tangu 2012, jambo lililoishia mahakamani. Lakini pamba siyo mchicha.

Basi ile nyanya ngumu isiyooza haraka inatoka wapi? Karibu kila mara ni chotara, ile inayoandikwa F1 kwenye pakiti. Chotara hupatikana kwa kuoanisha koo mbili za nyanya ambazo wazalishaji wamezichuja kwa vizazi vingi. Mfanyakazi wa banda la kuzalishia mbegu huchukua ua ambalo halijachanua, hulifungua kwa koleo ndogo, hutoa sehemu za kiume moja moja bila kujeruhi ya kike, kisha hupaka chavua ya baba aliyechaguliwa. Kazi hiyo hufanywa ua kwa ua, na ndiyo maana mbegu chotara za nyanya huuzwa kwa kuhesabiwa punje na bei yake inauma. Hakuna kinasaba cha bakteria wala cha mnyama kilichoingizwa. Tikiti lisilo na mbegu nalo si GMO: huzaliwa baada ya kuoanisha tikiti lenye seti nne za kromosomu na lenye mbili, mtoto akabaki na tatu, akashindwa kutengeneza punje.

Malalamiko mengi huanza msimu wa pili. Mkulima amekamua mbegu kutoka nyanya chotara iliyomlipa vizuri, akazisia, na sasa tuta moja lina mimea mirefu na mifupi, matunda ya duara na ya mchongoko, na mingine inanyauka kwa ugonjwa ambao mama yao aliuhimili. Anahitimisha kwamba kampuni imetia kitu ndani ya mbegu ili isizaliane. Sivyo. Sifa za wazazi wawili zinagawanyika upya kwa wajukuu, na kanuni hiyo inajulikana tangu karne ya 19. Teknolojia ya kuifanya mbegu itoe mazao yenye punje tasa ilipewa hataza (haki ya umiliki wa ubunifu) Marekani mwaka 1998, lakini haikuwahi kufika sokoni. Mei 2000, hapo Nairobi, nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuwai zilikubaliana isiidhinishwe hata kwa majaribio ya shambani.

Ukitaka mbegu ya kurudia mwaka hadi mwaka, nunua isiyo chotara. Tanya na Tengeru 97 ni nyanya za aina hiyo, na Tengeru 97 ilitokana na kazi ya watafiti wa Tengeru, Arusha, kwa ajili ya mazingira yetu. Chagua matunda yaliyoiva kutoka mimea yenye afya, usichague tunda kubwa tu lililotoka kwenye mmea dhaifu. Kamua mbegu pamoja na ute wake kwenye chombo cha plastiki au kioo, uache siku mbili au tatu zichachuke hadi ute uachie, suuza mpaka maji yawe meupe, kisha anika kivulini juu ya wavu. Zikikauka vizuri, weka kwenye chupa yenye mfuniko unaobana na uandike aina na tarehe. Nyanya hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, hivyo aina haipotei upesi. Maboga ni habari nyingine, kwa sababu nyuki huchanganya aina za majirani wote. Mchicha nao huchavushwa na upepo, kwa hiyo ukiwa na aina mbili zipande mbalimbali au uache moja tu itoe mbegu.

GMO yenyewe ni kitu gani hasa? Ni mmea ambao kinasaba chake kimebadilishwa maabara kwa namna ambayo uchavushaji wa kawaida usingefanya. Mfano ulio karibu na bustani zetu ni kunde za Nigeria zilizoidhinishwa mwaka 2019. Zimepewa kinasaba cha bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis, na kiwavi anayetoboa maua na maganda hufa akila. Vidukari havidhuriki, kwa hiyo anayezilima bado ana kazi ya kuvikabili. Bangladesh iliidhinisha bilinganya za aina hiyo mwaka 2013. Marekani, tangu 2024, mtu wa kawaida anaweza kuagiza mbegu ya nyanya ya zambarau yenye vinasaba vya ua, kazi ya wanasayansi wa Norwich, Uingereza. Kwa hapa kwetu, wapo wanaodhani tayari kuna nyanya ya GMO inayomshinda kantangaze, yule mdudu anayeharibu nyanya. Haipo dukani, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Kuhusu usalama wa kula, nasema wazi: ushahidi uliokusanywa hauonyeshi kwamba vyakula vya GMO vilivyoidhinishwa vina hatari zaidi ya vya kawaida. Hivyo ndivyo Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilivyoona katika ripoti yao ya 2016. Utafiti wa panya wenye uvimbe, uliosambaa mno mwaka 2012, uliondolewa na jarida lililouchapisha mwaka uliofuata, ingawa picha zake bado zinazunguka kwenye makundi ya simu.

Lakini wanaodai udhibiti mkali wana hoja, na inaniudhi wanapochukuliwa kama watu wasiojua. Mwaka 2017 ilijulikana hadharani kwamba mwanasayansi wa Finland amebaini petunia za rangi ya chungwa zenye kinasaba cha mahindi, zikiuzwa kama maua ya kawaida. Petunia za namna hiyo zilikuwa zimetengenezwa Ujerumani miaka ya 1980. Ikabainika kwamba zimeenea nchi nyingi bila kibali, na hakuna aliyekuwa akifuatilia. Tena kuna suala la umiliki: mbegu yenye hataza ina mwenyewe, na mazoea yetu ya kupeana kisado cha mbegu uani yanaweza kugeuka kosa. Mjadala ukiwa juu ya nani anamiliki mbegu, na sheria itamlinda vipi anayehifadhi mnavu na ngogwe za bibi yake, nitakaa hapo siku nzima.

Huku tukibishana, hasara inayotokea kila msimu inatoka kwenye mbegu feki, iliyochakaa au iliyohifadhiwa kwenye joto. Vitunguu ndivyo vinavyoumiza zaidi. Mbegu ya kitunguu hupoteza uhai mapema kuliko ya nyanya, na mbegu ya mwaka juzi inayopimwa kwa kijiko gengeni inaweza isiote kabisa. Kabla ya kusia kitalu kizima, hesabu punje 100, zitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu, uzikunje na kuziweka mahali penye kivuli. Angalia siku ya 7 na ya 12. Zikiota chini ya 70, usitegemee kitalu cha kujaa.

Ile rangi ya waridi, bluu au kijani juu ya punje nayo si alama ya GMO. Imewekwa kuonyesha kwamba mbegu imetiwa dawa ya kuzuia ukungu au wadudu. Usiile, usiwape kuku, na nawa mikono ukimaliza kupanda.

Dukani, soma lebo: aina, namba ya kundi, tarehe ya kupimwa na kiwango cha uotaji. Tafuta lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na ikiwa ina sehemu ya kukwangua, kwangua na uhakiki namba kwa simu kabla ya kulipa. Kenya wakulima hutuma namba ya lebo ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu na mimea wa huko, kwenda 1393. Pakiti tupu usiitupe. Iweke na risiti mpaka uvune, kwa sababu mbegu isipoota, au ikitoa kitu kingine, mkaguzi atakuomba namba ya kundi kwanza.