Je, wajua kwa nini Bahi kuna chumvi ilhali bahari iko mbali?

Kila kiangazi, sehemu za mbuga ya Bahi, magharibi mwa jiji la Dodoma, huota ukoko mweupe. Ulambe: ni chumvi. Sababu ni kwamba Mto Bubu hushuka kutoka Kondoa na kuishia hapo; mbuga haina njia ya kupeleka maji baharini. Kila mto hubeba chumvi kidogo iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba. Rufiji huitua baharini, Bubu huiacha Bahi. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 600 tu kwa mwaka, na jua hukausha maji mengi kuliko hayo. Maji hupaa, chumvi hubaki. Kisha unyevu wa chini hupanda kwenye udongo, hukauka juu, na ukoko huzaliwa.

Wagogo walivuna ukoko huo tangu zamani, na katika karne ya 19, misafara ya pwani na Tabora ilipokuwa ikilipa hongo (ushuru wa kupita) Ugogo, chumvi ilikuwa miongoni mwa bidhaa za kubadilishana.

Ufundi wenyewe uko kwenye kuchuja kuliko kuchemsha. Hukwanguliwa tabaka la juu tu. Ukichimba zaidi unabeba tope. Udongo hutiwa kwenye chombo chenye matundu kilichotandikwa nyasi, kisha humwagiwa maji polepole. Maji yanayodondoka hurudishwa juu ya udongo mpya ili yakolee. Hapo ndipo kuni zinapookolewa, na kuni za Dodoma si za kuchezea: maji yenye gramu 35 kwa lita, kama ya bahari, yanahitaji kuchemshwa lita 29 kupata kilo moja, lakini yakifika gramu 200, lita 5 zinatosha. Yai bichi jipya likielea, yamekolea vya kutosha kuinjikwa.

Kosa kubwa ni kuchemsha hadi chungu kikauke kabisa. Chembe za chumvi ya kula zikishaganda, maji machache yaliyobaki yamebeba uchungu; yamwage. Hata hivyo ukoko wenye magadi mengi utabaki na ladha ya sabuni, na huo haufai ila kulainishia maharage. Mvua ya kwanza ikinyesha, msimu umekwisha: ukoko huyeyuka na kurudi ardhini.

Chumvi ya kienyeji haijaongezwa madini joto. Nyumba inayoitegemea peke yake iko hatarini kupata rovu (uvimbe wa shingo), hivyo chumvi ya kila siku iwe ile iliyoongezwa.