Kupanda Mandara na watoto wadogo: tunayoambizana na ukweli wake

Kila likizo naona familia zinajikusanya watu kumi na tano hivi, watoto humo humo, wanapiga kambi chini Marangu halafu asubuhi wanapanda Kilimanjaro mpaka Mandara, kile kituo cha kwanza cha vibanda, na kurudi jioni. Naipenda sana safari hii na wanangu nimewapeleka, ila kuna maneno watu wanaambizana yanaweza kuumiza mtoto kabisa.

"Mtoto chini ya miaka 10 haruhusiwi Kilimanjaro."
Anaruhusiwa, kinachokatazwa ni kwenda kileleni, ile mita 5,895. Msitu wa chini hadi Mandara anaenda na wazazi wake, ila muwe na muongozaji aliyesajiliwa.

"Watoto wana nguvu, nyumbani hawatulii."
Sawa, anakimbia dakika tano anakaa, anakimbia tena. Mlima sio hivyo. Geti la Marangu liko kama mita 1,870, Mandara 2,720, ni kilomita kama 8 kwenda tu na bado hamjarudi. Ukiwa na wa miaka sita hesabu masaa matano ya kupanda. Sisi tunaanza saa mbili asubuhi na ikifika saa saba mchana popote tulipo tunageuka, hata kama Mandara iko hapo mbele, mana jioni kama saa kumi na mbili na nusu jua linazama na msituni giza linawahi zaidi. Na kiukweli mtoto hana habari na Mandara, akimuona mbega na ule mkia wake mweupe anataka asimame amwangalie, muacheni aangalie.

"Wenye nguvu watangulie, tutakutana juu."
Hii ndo mbaya kuliko zote. Kundi likishakatika maji yako mbele, makoti yako nyuma, halafu mtoto wa miaka minane anawakimbilia wa mbele, mama yake anajua yuko na baba mdogo, baba mdogo anajua karudi kwa mama yake. Ilitutokea. Tulimkuta kakaa kwenye mzizi pembeni ya njia kakumbatia chupa ya maji, hata halii, ananiangalia tu, mpaka leo nikikumbuka yale macho moyo unashtuka. Tangu siku hiyo mdogo kuliko wote ndo anatembea mbele na mwendo wake ndo mwendo wetu, nyuma kabisa kuna mtu mzima mmoja ambaye hakuna anayeruhusiwa kubaki nyuma yake, na kila mtoto ana mtu wake mmoja wa kumuulizia kwa jina, sio "tutawaangalia wote". Filimbi shingoni. Ukijiona uko peke yako simama hapo hapo, piga mara tatu, usitembee.

"Wa mgongoni hana shida."
Wewe unayembeba unatoka jasho kwahiyo unaona kuna joto, mtoto yeye hatembei, miguu inaning'inia, na mwili mdogo unapoteza joto haraka kuliko wako. Kila mita 1,000 ukipanda baridi inaongezeka kama nyuzi 6, weka na ukungu na mvua za msituni hapo. Kila mkisimama mvue kiatu mguse vidole, vikiwa vya baridi mshushe, badilisha soksi, mkumbatie kifuani. Jinzi muache nyumbani, ikilowa haikauki.

"Ugonjwa wa mwinuko ni wa wanaoenda kileleni."
Huu ni ule wa hewa kuwa nyepesi huko juu, unaweza kuanza kwenye mita kama 2,500, na watoto wanaupata kama wakubwa tu. Kwa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo sio kitu cha kutisha sana, shida ni kwamba wa miaka mitatu hawezi kukwambia kichwa kinauma. Atagoma kula, atalia bila sababu, atatapika, atanyong'onyea, na watu watasema anadeka. Mkiona hivyo shukeni, msibaki hapo mnampa panadol mkisubiri.

"Jiko la mkaa likishakolea halina moshi, ingizeni kwenye hema watoto wapate joto."
Jamani hapana. Moshi kweli umeisha ila mkaa mwekundu unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu wala haionekani, kichwa kinauma, usingizi unakuja, na baada ya siku nzima ya mlima kila mtu ataona ni uchovu tu, watu wanalala hawaamki. Kufungua zipu kidogo hakutoshi. Baridi nyingi ya usiku inatoka chini ardhini, kwahiyo kabla ya kuongeza blanketi juu tandika mkeka au godoro nene chini, wavalishe kofia na soksi kavu, chemsha maji nje weka kwenye chupa isiyovuja, izungushie kanga isimuunguze, mpe aikumbatie, na mdogo alale katikati ya wakubwa wawili. Jiko libaki nje, mbali na hema, mpaka asubuhi ya chai.