Kabla ya plasta: mguu ulikatwa kwa nini?

Mtu akiletwa karakana kupimwa mguu bandia, macho ya wengi hukimbilia kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki: urefu wake, kovu lake, kama goti linanyooka. Mimi huanza kwingine. Mguu ulikatwa kwa sababu gani, lini, mwenyewe alikuwa akifanya kazi gani, na nyumbani huketi wapi wakati wa kula? Vigutu viwili vya sentimita 14 chini ya goti hufanana kwenye plasta ya kuchukulia umbo la kigutu. Lakini mmoja akiwa ni wa kijana wa bodaboda mwenye miaka 24, na mwingine wa mama wa miaka 62 mwenye kisukari, ukiwapa mguu wa aina moja, mmoja wao ataishia kuusukumia uvunguni.

Kisukari kwanza, maana hapo ndipo makosa yana gharama kubwa. Mguu ulioondolewa ulikuwa umekufa ganzi, na damu ilikuwa haiufikii vizuri. Ngozi ya kigutu na mguu uliobaki navyo mara nyingi viko kwenye njia hiyohiyo. Aliyekatwa mguu kwa ajali, soketi (kikombe cha mguu bandia kinachoingia kigutu) ikimbana, atakwambia kabla hajafika mlangoni. Huyu wa kisukari hatasema kitu, atatembea siku nzima na kurudi na kidonda. Kwa hiyo swali la “inauma?” halina maana kwake. Mvue, utazame. Kabla ya kufunga plasta, bonyeza uzi wa nailoni wa gramu 10 mpaka upinde, kwenye kigutu na kwenye unyayo wa mguu wa pili, huku amefumba macho. Asipouhisi, weka ndani ya soketi sponji laini la milimita 6, na siku za kwanza avae kwa dakika 15 hadi 30 tu kisha avue. Wekundu usiopotea ndani ya robo saa ni alama ya soketi kurekebishwa, hata akisema yuko sawa.

Anayesafishwa damu kwa sababu ya figo ana tatizo la ziada: kigutu huvimba na kunywea pamoja na maji ya mwili. Huwa napima siku ya katikati kati ya vipindi viwili, kisha namfundisha kuongeza na kupunguza soksi. Soketi ikianza kumeza kigutu, ncha ya chini ikauma na mfupa wa pia ya goti ukagusa ukingo, ni soksi zimepungua. Watu wengi huvumilia hali hiyo wakidhani mguu bandia ndivyo ulivyo.

Na lipo jambo ambalo baadhi yetu huona haya kulisema. Kutembea na mguu uliokatwa juu ya goti hula nguvu nyingi kuliko kutembea kwa miguu miwili, na zaidi sana kwa mtu ambaye mishipa yake ya damu imeziba. Mzee mwenye moyo dhaifu anaweza kuishi vizuri zaidi na kiti cha magurudumu, na mguu wa kumsaidia kuhama tu kutoka kitandani.

Ajali za pikipiki huleta watu wa namna nyingine. Mfupa wa muundi hufunikwa na ngozi tu kwa mbele, hivyo ukivunjika hutoboa nje na kuokota uchafu wa barabarani. Kuna pia miguu iliyooza kwa sababu bendeji au vijiti vilikazwa kupita kiasi juu ya uvimbe. Vigutu hivi vina misuli mizuri, ila mara nyingi vina ngozi ya kupandikizwa iliyogandamana na mfupa, na hapo ndipo panapochubuka. Kijana akitaka kurudi kuendesha, uliza mguu uliokatwa ni upi. Kwenye pikipiki nyingi gia ziko kushoto na breki ya nyuma iko kulia. Wa kushoto anaweza kusaidiwa na pedali ya gia yenye ncha mbili, apandishe gia kwa kukanyaga na kisigino, kwa kuwa kifundo bandia hakinyanyui vidole. Wa kulia hahisi breki amekanyaga kiasi gani, na hilo soketi nzuri hailiponyi.

Kwa wafugaji na wakulima utakutana na walioumwa na nyoka aitwaye kifutu. Sumu yake huua nyama, na kamba iliyokazwa juu ya jeraha humalizia kazi.

Saratani ya mfupa hupenda umri wa kubalehe na eneo la goti, kwa hiyo kigutu huwa cha pajani. Wakati wa dawa uzito hupanda na kushuka. Mguu wa gharama usubiri. Kwa watoto kwa jumla tegemea soketi mpya kila mwaka hadi umri wa miaka 5, kisha takriban kila baada ya miaka 2 mpaka afikishe umri wa miaka 12. Mfupa uliokatwa katikati huendelea kuota na unaweza kutoboa ngozi, ndiyo maana madaktari wakiweza hukatia kwenye kiungo.

Sasa rudi kwenye lile swali la anapoketi kula, kwenye mkeka. Anayekula chini, anayesujudu, anayetumia choo cha kuchuchumaa anahitaji goti likunjwe sana. Ukingo wa nyuma wa soketi ukiwa juu, utakata kano za nyuma ya goti na atakaa amenyoosha mguu mbele ya wageni. Ushushe, hasa upande wa ndani kano zinapopita chini zaidi. Mkulima wa mlimani aliyekatwa juu ya goti mara nyingi hupendelea goti la kufunga kwa komeo kuliko linalojikunja, maana halimwangushi kwenye mteremko.

Kanyagio, yaani unyayo wa mguu bandia, la sponji laini hufumuka upesi kwenye tope na joto. La mpira mgumu ni zito lakini hudumu. Mguu wa Jaipur, uliobuniwa India mwaka 1968, ulitengenezwa kwa watu wanaotembea peku na kuchuchumaa. Kanyagio lililopangwa kwa kiatu chenye kisigino, akilitembelea peku nyumbani, humsukuma goti kinyumenyume. Basi siku ya kupima aje na viatu vyake vyote, na kandambili za bafuni zisisahaulike.