Majani unayoyachoma ndiyo matandazo yako

Pita mitaa ya Dodoma asubuhi mwezi wa Agosti utaona: ua umefagiliwa mpaka ardhi inang'aa, majani ya mwarobaini yamerundikwa pembeni, moshi unapanda. Mchana mwenye nyumba huyohuyo ananipigia simu, waridi zake zinanyauka na bili ya maji imepanda. Kazi yangu ni bustani za majumbani, na ombi langu la kwanza kila ninapoitwa ni hili: tafadhali, msiyachome. Yatandazeni juu ya udongo kuzunguka mimea; hayo ndiyo matandazo.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inakatika Aprili au Mei, na miezi inayofuata ni jua na upepo tu. Chukua matuta mawili, moja lifunike, jingine liache wazi, yote uyamwagilie jioni. Kesho yake saa nane mchana chomeka kidole. Kwenye tuta tupu utakutana na gamba gumu, na ukilivunja, chini yake ni vumbi. Kwenye lile jingine funua majani: udongo umepoa, kidole kinazama bila nguvu, na ukiufinya unashikana.

Hata masika matandazo yana kazi. Tone la mvua likipiga udongo mtupu huurusha. Ndiyo maana majani ya chini ya mnyanya hujaa matope, na matope hayo hubeba ukungu unaoleta magonjwa. Chembe laini nazo huziba vitundu vya udongo, maji yanashindwa kuingia, yanakimbilia mtaroni. Tone likiangukia majani makavu linavunjika nguvu, linashuka taratibu.

Magugu hupungua sana, kwa sababu mbegu nyingi ndogo hazioti bila mwanga. Ndago ni habari nyingine. Ina ncha kama sindano, inatoboa matandazo na inatoboa hata nailoni, kwa hiyo ing'oe pamoja na vitunguu vyake vya ardhini kabla hujafunika.

Palilia, mwagilia mpaka udongo ulowe, ndipo utandaze. Kina cha sentimita 5 hadi 8 kinatosha. Ukizidisha, manyunyu yataishia juu bila kufika kwenye mizizi. Na acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Hili nilijifunza kwa hasara: niliwahi kusukumia nyasi mbichi hadi kwenye mashina ya mipapai michanga, yakaoza usawa wa ardhi, nikapoteza mitatu.

Kila mtu ananiuliza kuhusu mchwa. Watakuja, hasa ukitumia mabua ya mahindi au vijiti vikavu. Kwa sehemu kubwa wanakula hivyo vilivyokufa, lakini mche mchanga usiokunywa maji vizuri wanaweza kuushambulia. Mimi huweka tabaka jembamba la majani au maganda ya karanga, mbali na shina na mbali na ukuta wa nyumba, na sikatizi kumwagilia.

Maranda ya fundi seremala yanafaa, mradi mbao hazikutiwa dawa. Yaache juu. Ukiyachanganya na udongo, vijidudu vinavyoyaozesha vitachukua naitrojeni, kirutubisho ambacho mimea inakihitaji, na majani ya maua yako yataanza kuwa manjano.

Baada ya miezi michache tabaka litakuwa limeshuka. Funua kidogo utazame: yale ya chini kabisa yameshakuwa meusi, hayana umbo la jani tena. Usiyatoe wala usiyafukie. Ongeza mengine juu yake.